Simba wa Vuga na Mnyama wa Gazetini

Gazeti la michezo lililochapishwa Dar es Salaam usiku, likipandishwa na magari hadi Bungu katika milima ya Usambara, humkuta msomaji wake amekwisha kujua kila kitu. Mechi ameitazama jana katika kibanda umiza, au ameisikiliza redioni huku akipukuchua mahindi. Idadi ya mabao anaijua. Aliyekosa penalti amekwisha kulaaniwa kwa Kisambaa na kusamehewa kwa Kiswahili. Hata hivyo nakala hiyo moja huzunguka kutoka kwa kinyozi hadi kwa fundi cherehani, kutoka kwa fundi hadi dukani, na huwa haijamaliza safari yake mpaka ifungiwe vitumbua. Ni maandishi gani mengine ya Kiswahili yanayosomwa kwa uchu wa namna hiyo? Diwani za mashairi hazifungiwi vitumbua kule, kwa sababu hazifiki.

Maadamu mwandishi wa safu ya michezo ndiye mwandishi wa insha mwenye wasomaji wenye hamu kiasi hicho, ni haki yake apate kile ambacho washairi wamekipata tangu zamani, yaani kuhakikiwa. Yeye mwenyewe hupenda kuitwa mchambuzi, na jina hilo ni zito kuliko anavyodhani. Huku visiwani kuchambua ni kazi ya vidole. Karafuu zikishushwa mtini, watu huketi mkekani wakatenga karafuu na makonyo, na mwenye kuchanganya viwili hivyo hufedheheka mbele ya mizani. Swali la uhakiki huu basi ni jepesi: katika safu ya mchambuzi wa soka, karafuu ni ngapi na makonyo ni mangapi?

Vitenzi vya kipigo

Timu ya gazetini haishindi. Huchapa, hunyuka, hutandika, hukung'uta, hubamiza, hulaza, hugaragaza, huzamisha. Lugha yetu imejaliwa vitenzi vya kipigo kama ilivyojaliwa majina ya maembe, na hakuna ubaya mwandishi akivichuma. Ubaya ni kwamba vyote huchumwa vikiwa vichanga. Mshindi wa 1-0, tena kwa penalti ya dakika ya 88, huwa amemgaragaza mwenzake. Sasa aliyegaragazwa kwa bao moja, siku akifungwa matano afanywe nini?

Swali hilo si la dhihaka tupu. Mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0. Tarehe 6 Mei 2012 ikaifunga 5-0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikalipa kwa 5-1. Hizo ndizo siku ambazo vitenzi vizito vilistahili kutolewa kabatini, vikapigwa pasi na kuvaliwa. Lakini nguo ya Idi iliyovaliwa kila Jumanne kwenda sokoni haiwi tena nguo ya Idi. Wahenga walisema akiba haiozi, na akiba ya maneno ni vivyo hivyo.

Utangulizi wa mechi ni mbaya zaidi. Huu hapa ni mfano wa kubuni, ambao msomaji wa Bungu angeapa kwamba aliusoma juma lililopita: «Ile siku iliyosubiriwa kwa hamu na gamu hatimaye imewadia. Leo ndiyo leo, asemaye kesho mwongo. Patashika nguo kuchanika! Mnyama ameapa kumla mtu mzima mzima, nao Wananchi wamejichimbia mafichoni wakinoa makali. Hatumwi mtoto dukani. Mpira unadunda, na dakika tisini zitaamua.»

Tuuchambue mkekani. Kwamba siku imewadia, kalenda ilikwisha kusema. Kwamba mpira unadunda, hata mtoto wa chekechea hana shaka. Kwamba dakika tisini zitaamua, ndiyo kanuni ya mchezo wenyewe. Ama habari ya mtoto kutotumwa dukani, ingefuatwa kwa uaminifu milima ya Usambara isingekuwa na chumvi wala mafuta ya taa tangu msimu ulipoanza. Karafuu iliyopatikana ni moja tu: kuna mechi leo. Mengine yote ni makonyo, tena yaliyokwisha kuanikwa na wengine mara nyingi.

Kisha kuna elimu ya milango. Katika safu hizi watu hawasemi, hufunguka. Kocha amefunguka, mshambuliaji amefunguka, mtunza vifaa naye amefunguka. Msomaji akisogea kuchungulia kilichomo ndani, humkuta kocha akieleza kwamba vijana wamejiandaa vyema na wapinzani si wa kubezwa. Mwingine huvunja ukimya uliodumu tangu Alhamisi. Na nyuma yao wote yupo yule mtu asiyekufa, chanzo cha kuaminika kilicho karibu na uongozi, kilichoomba jina lake lisitajwe. Katika mji wenye ada ya kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani, chanzo hicho kisingepewa hata kahawa.

Lakabu na anayeistahiki

Milima hii inajua thamani ya jina. Kwa mapokeo ya Wasambaa, Mbegha aliingia Usambara akiwa mwindaji aliyetoka Ungulu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akasuluhisha magomvi yao. Akiwa njiani kwenda Vuga akaua simba, na watu wakampokea kwa jina la Simba Mwene, ambalo watawala wa ukoo wake waliendelea kusalimiwa kwalo. Abdallah bin Hemedi aliyaandika mambo ya ukoo huo katika Habari za Wakilindi, moja ya nguzo za nathari ya Kiswahili, na anayesoma kisa hicho huona jambo moja waziwazi: jina lilikuja baada ya tendo. Kwanza alikuwapo simba porini, kisha akawapo simba aliyekufa, ndipo akapatikana Simba Mwene.

Klabu ya Msimbazi nayo ina historia ya jina lake. Ilizaliwa mwaka 1936, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi, na jina la Simba ikalipata mwaka 1971. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Afrika. Mwaka 2003 iliwatoa Zamalek wa Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Siku kama hiyo, mwandishi akiandika kwamba Mnyama amenguruma, hata mzee wa Vuga angeitikia. Lakini Mnyama wa gazetini hunguruma kila siku. Hunguruma akisajili, hunguruma akipanda basi, hunguruma akiahirishiwa mechi. Lakabu iliyokuwa sifa imegeuka kiwakilishi, neno la kuepuka kurudia neno lingine, na mtoto anayeisoma hajui tena kwamba ndani yake palikuwa na meno.

Linganisha na lakabu ya Coastal Union ya Tanga, Wagosi wa Kaya. Mgosi ni neno la watu wa huko huko, Wasambaa na Wabondei, na msomaji wa Bungu akiliona gazetini husikia sauti ya baba yake. Coastal ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Ni timu ya mkoa wake, yenye jina la lugha yake. Lakini akitaka kujua ilichezaje, aghalabu hutafuta katika kona ya ukurasa wa ndani, chini ya tangazo, ambako hupata mistari mitano, na mitatu kati ya hiyo ni ya Simba au Yanga iliyokutana nayo.

Roho, jezi na hesabu

Maradhi haya si ya Waswahili peke yao. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao una hesabu nyingi kuliko mchezo wowote, na waandishi wa safu zake kwa miaka mingi waliziandama hesabu hizo kwa kejeli. Wao walisifu moyo, uthabiti, na macho ya mchezaji anayetaka kushinda. Mwaka 2003 Michael Lewis alichapisha kitabu kiitwacho Moneyball, juu ya timu ya Oakland isiyokuwa na fedha, ambayo viongozi wake waliacha kutazama umbo la mchezaji wakahesabu ni mara ngapi anafika kituoni salama. Timu hiyo ilishinda mechi nyingi kwa gharama ndogo, na waandishi wengi wa safu wakakasirika kana kwamba wametukanwa. Na kweli walikuwa wametukanwa, kwani iligundulika kwamba mengi waliyokuwa wakiyaona kwa macho ya moyo hayakuwapo.

Besiboli imefika hata Tanzania. Katika miaka ya 2010 Wajapani waliifundisha mashuleni, na uwanja wake ukajengwa katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mhariri mwenye hekima angempeleka huko mchambuzi wake wa soka kwa mwezi mmoja. Pale hana Mnyama, hana Wananchi wala watani wa jadi. Ingembidi aandike nani alirusha, nani alipiga, mpira ulikwenda wapi, na kwa nini watu wanakimbia. Yaani ingembidi atazame.

Kwani macho ya moyo ya kwetu nayo hayana haya. Timu ikishindwa, mchambuzi hutangaza kwamba wachezaji hawakuwa na uchungu na jezi. Je, uchungu huo hupimwa kwa ratili au kwa pishi? Aliyepiga mpira ukagonga mwamba ukarudi hana uchungu; ungeingia kwa upana wa vidole viwili zaidi, angekuwa nao. Na pale ambapo palihitajika maelezo, uchungu huo huo hufunika shimo. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hapa ndipo mchambuzi alipopata karafuu ya kuchambua. Ulaya ilikuwa imekwisha kuifuta kanuni hiyo katika mashindano ya vilabu tangu mwaka 2021, na matokeo yale yale kule yangewapeleka wachezaji katika dakika za nyongeza. Timu haikuzidiwa kwa jumla ya mabao, bali ilizidiwa na mahali mabao yalipofungwa. Jambo hilo linaumiza kuliko kukosa uchungu na jezi, na lina faida ya kuwa kweli.

Haki ya waundaji wa maneno

Uhakiki usiosifu ni mizani ya sahani moja. Ukurasa wa michezo, pamoja na redio iliyoutangulia, umeifanyia lugha hii kazi ambayo kamati nyingi zingejivunia. Mtu anayesimama mbele ya mlinzi wa mwisho akingoja pasi anaitwa ameotea, kama mwindaji aliyejificha akimvizia mnyama. Neno moja limebeba hila na kosa pamoja. Mchezaji wa katikati ni kiungo, na katika nchi ya karafuu na iliki neno hilo linanukia, kwani bila yeye mchuzi wa timu hauna ladha. Kiongozi wa wachezaji ni nahodha, neno la jahazini lililopanda milima na kufika mahali ambapo watu wengi hawajawahi kukanyaga sitaha. Mechi isiyo na bao huitwa suluhu, na yenye mabao sawa huitwa sare, kama nguo za kinamama waliovaa namna moja arusini. Ni nani aliyekaa akatenganisha mawili hayo kwa ufundi hivyo? Jina lake halikuandikwa popote, lakini alikuwa mshairi.

Watangazaji wa redio nao wana udhuru ambao mwandishi hana. Enzi za Radio Tanzania, Ahmed Jongo na Halima Mchuka walikuwa macho ya watu ambao uwanja hawajauona maishani. Sauti ilipopanda, ilipanda kwa sababu mpira ulikuwa unakaribia lango. Msikilizaji wa mlimani alijua upande gani wa uwanja mpira upo, nani anao, nani anamfuata. Chumvi iliyotiwa ilitiwa katika chakula. Mwandishi wa safu ameirithi ile chumvi, na chakula amekiacha redioni.

Malumbano na adabu yake

Pengine mchambuzi atajitetea kwamba anafuata mila ya Pwani. Je, washairi hawakujibizana, hawakutambiana? Ni kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walirushiana mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao ilikuwa na uhasama wa kweli na watu walikufa kweli. Lakini atazame sharti la kujibizana kule. Asiyeusikiliza ubeti wa mwenzake hana cha kujibu. Alilazimika kuipokea hoja, aichukue ndani ya vina na mizani, kisha aipindue. Majigambo yalikuwa na bei, nayo ililipwa kwa kumsikiliza adui.

Utani nao una sheria. Mtani humkejeli mtani wake akiwa hai, na siku ya msiba huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, lakini safu nyingi zimechukua kejeli zikaacha mazishi. Novemba 1993 Simba ilirudi kutoka Abidjan na 0-0 katika fainali ya Kombe la CAF, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani na Stella. Mwaka 2025 ilicheza fainali ya Shirikisho na RS Berkane. Ilifungwa 2-0 Morocco, na marudiano yakachezwa hapa Unguja, uwanja wa Amaan, yakaisha 1-1. Usiku kama huo mtani wa kweli huketi na mfiwa, akamweleza taratibu palipovuja. Mwandishi anayesherehekea msiba wa mtani wake hajui utani ni nini, na anayejifanya hakuna aliyekufa hamsaidii mfiwa.

Visiwa vina dai lao pia. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF, na Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Desemba ileile Zanzibar Heroes wakafika fainali ya CECAFA nchini Kenya, wakatoka 2-2 na wenyeji, wakashindwa kwa penalti. Mwaka mmoja ulibeba furaha, hukumu na ushujaa. Ulihitaji mchambuzi wa sheria, wa historia na wa mpira. Mwaka huo huo, kama kila mwaka, wino mwingi ulikwenda kwenye ngurumo.

Ubeti mmoja

Ubeti ufuatao haukutungwa na malenga yeyote mwenye jina wala hautafuti sifa. Umewekwa hapa kwa ajili ya hoja tu:

Dakika ya thelathini, beki alipoanguka,
Kushoto kwake pembeni, kiungo alichomoka,
Akaupiga wa chini, kipa akababaika,
Ukaingia wavuni, bao likahesabika.

Ni mizani 64. Ndani yake mna wakati, mna kosa, mna upande, mna aliyefunga, mna namna mpira ulivyopigwa na sababu ya kipa kushindwa. Hamna mnyama wala mwananchi, na hakuna aliyegaragazwa. Sharti la vina na mizani halikumzuia mtu kusema kilichotokea. Lilimlazimisha, kwa sababu nafasi ni ndogo na hakuna pa kumficha mtoto asiyetumwa dukani. Mwandishi wa safu ana maneno 800 na hana sharti lolote. Uhuru huo ndio uliomponza.

Na hasara yake haiishii uwanjani. Bungu yuko kijana ambaye akitoka shule hatasoma tena nathari ya Kiswahili isipokuwa ile ya gazeti la michezo. Humo ndimo atakamojifunza jinsi sababu inavyofuatana na matokeo, jinsi sifa inavyopimwa, jinsi mtu anavyomweleza mwenzake habari asiyoipenda. Akijifunza kwamba kila ushindi ni mauaji, kila kushindwa ni hujuma, na kila jambo lina chanzo kisichotajwa, atayachukua mafunzo hayo hadi kwenye mkutano wa kijiji na hadi kwenye sanduku la kura.

Msomaji huyo haombi makubwa. Matokeo anayo, na ngurumo aliisikia jana mwenyewe kibandani. Anapolinyoosha gazeti kwa kinyozi, kabla halijafika kwa muuza vitumbua, anatafuta kitu kimoja ambacho kibandani hakuna aliyemwambia: kwa nini ilikuwa vile. Mchambuzi atakayemjibu, hata kwa mistari mitano katika kona ya ukurasa, atakuwa ameua simba wake, na jina atapewa.